Ochieng', Nani Alikutuma Utangulie?

Owadwa Ochieng', ndugu yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili na najua utacheka. Ungekuwa hapa ungesema, "Mwalimu ameanza tena usanifu wake." Cheka tu. Kwa Kijaluo nimejaribu, na kila nikifika kwenye jina lako mkono unagoma. Kiswahili kwangu ni lugha ya kazi, ya chaki na ubao, na leo nataka kufanya kama mtu aliye kazini, nisije nikalia kabla sijasema nililokuja kusema.

Habari ya kwanza ni mbaya, na ni yangu. Mvua ya kupanda imefika Sindo. Majirani wote wameshapanda, wengine mahindi yao yameanza kutoa majani. Hadi jana ungesimama barabarani ukaangalia boma letu ungedhani wenyewe tumehama. Shamba lako lilikuwa tupu, na langu pia. Mke wako, Nyar Magunga, alilima mapema, akaondoa magugu, mbegu akaziweka kwenye debe, kisha akakaa. Hawezi kutia hata punje moja ardhini kabla mkubwa wa boma hajaanza kupanda. Na mkubwa wa boma sasa ni mimi. Yawa, hata kuliandika hilo neno nimeona haya.

Unanijua. Tangu utotoni mimi ni mtu wa nyuma yako. Ulioa, ndipo nikaoa. Ulijenga, ndipo nikajenga. Ulipanda leo, nikapanda kesho. Sikuwahi kulalamika. Kwetu mdogo akimruka mkubwa ni kwer, mwiko mkubwa, na nikuambie ukweli, huo mwiko ulinifaa sana. Mambo yote magumu nilikuwa nayakuta umeshayafungua.

Sasa ngoja nikueleze yale ambayo hukuyaona. Kule hospitalini wewe walikufunika uso kwa kitambaa cha kijani. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nyuma ya pazia, na pazia halizibi masikio.

Unakumbuka ile mvua ya Elnino. Shule zilipofungwa nilikuja Osiri kukuona, kwa sababu ulikuwa umezama kwenye yale mashimo ya dhahabu na nyumbani hurudi. Maji ya mafuriko yalikuwa yamechanganya choo na kisima. Tulikunywa uji kwenye kile kibanda, wewe ukinicheka nilivyokuwa nakunja pua. Kesho yake sote wawili tulikuwa chini, tunahara na kutapika maji matupu. Baba mdogo, mzee wetu Jaduong' Oloo, ndiye aliyetubeba kwa pikapu ya kusombea mawe hadi hospitali ya misheni pale Migori. Kipindupindu kilitibiwa, maji tukaongezwa, tukadhani tumepona. Kumbe mkojo ulikuwa umegoma. Tukaanza kuvimba, mimi uso, wewe miguu.

Daktari alikuwa yule mama kijana, mfupi, anayetembea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alituambia wazi kwamba figo zetu hazijafa, zimezimia, na zikisaidiwa siku chache zitaamka zenyewe. Hospitali ilikuwa na mashine moja tu ya kusafisha damu, iliyoletwa na wageni wa kanisa, na inahudumia mtu mmoja kwa wakati. Ili damu ifike kwenye mashine lazima mpira mnene uingizwe kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Akasema ataanza na mimi, kwa sababu moyo wangu ulikuwa unaruka vibaya kuliko wako.

Nilipoiona ile sindano nilitetemeka hadi kitanda kikalia. Wewe ukacheka, na midomo yako imekauka vile. Kisha ukamwita daktari karibu, ukamnong'oneza, akatikisa kichwa. Ukamnong'oneza tena, akakataa tena. Hapo ndipo ukapaza sauti ukamwita Jaduong', ati ni kwer mdogo kutangulia mkubwa. Na Jaduong' akaichukua hiyo hoja mbio mbio. "Mdogo hamruki mkubwa," akasema, "hata kwa sindano." Daktari akafoka kwamba pale si shambani. Mzee akafumbata mikono, akasema hatatia sahihi kwa ajili ya mtu yeyote mpaka utaratibu ufuatwe. Saa zilikuwa zinakwenda, na wewe pia damu yako ilikuwa imechafuka. Daktari akashindwa. Wakakuandaa wewe.

Na mimi, Ochieng', nilinyamaza. Ningeweza kusema, "Baba mdogo, acha mambo hayo, daktari anajua." Mimi ni mwalimu, watu wananisikiliza. Nilifumba macho nikasema moyoni, asante Mungu, si mimi. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno.

Nilisikia kila kitu. Daktari akasema damu imekuja, vizuri. Akaitisha waya. Huo waya hupita ndani ya sindano, kisha sindano hutolewa, waya ukabaki mshipani kuonyesha njia. Halafu juu ya waya hupitishwa kijiti kigumu cha plastiki cha kupanua tundu, ili ule mpira mnene upate kupita. Nesi akasema waya unakwama kidogo. Nikasikia daktari akivuta pumzi kama mtu anayesukuma kitu. Kisha wewe ukakohoa. Ukasema, "Daktari, kifua kinanivuta."

Waliingiza mpira, wakajaribu kuvuta damu, haikuja. Nesi akasema presha inashuka. Na hapo, ndugu yangu, nilimsikia yule mama akibadilika sauti. Akasema, "Mtu asiuguse huo mpira. Asiuvute mtu yeyote." Baadaye alinieleza kwa nini. Kile kijiti kilikuwa kimepasua mshipa ndani ya kifua, mahali ambapo mkono hauwezi kufika wala kubana, na ule mpira ulikuwa umekaa kwenye tundu lenyewe. Ukiwa pale, unaziba. Ukitolewa, damu yote inamwagikia kifuani. Kwa hiyo waliufunga kwa vibanio wakauacha. Wakakuongeza maji kwa mshipa wa mguu, wakapiga eksirei, wakapitisha mpira mwingine katikati ya mbavu ili damu iliyokuwa inabana pafu itoke. Nyar Magunga, aliyekuwa ametufuata hospitalini, alitoa damu, akasimama kabla hawajamruhusu, akauliza kama wanataka nyingine.

Daktari alipiga simu Kisumu akampata daktari wa upasuaji, na huyo bwana aliondoka saa ile ile. Lakini mto ulikuwa umepanda juu ya barabara. Simu ilipita, gari halikupita.

Jaduong' Oloo aliposikia kwamba mpira umekutoboa alitaka kuung'oa kwa mikono yake. "Hicho kitu ndicho kinamuua, kitoeni!" Yule daktari mfupi akasimama mbele ya kitanda chako, amenyoosha mikono. "Mzee, ukiuvuta unamzika." Sijawahi kumwona Jaduong' akikaa chini kwa kuambiwa na mwanamke. Siku hiyo alikaa, tena sakafuni.

Sasa nisikie hili, na usinikatize.

Mashine ilikuwa imewashwa tayari, na wewe hungeweza tena kuunganishwa. Daktari akaja kwangu, macho mekundu. Akasema safari hii atapitia kwenye kinena, pale paja linapoanzia, kwa sababu pale damu ikitoka anaweza kuibana kwa mkono wake. Alifanya polepole hadi nikatamani kumsukuma. Kila akipeleka kile kijiti kidogo, alisimama akauvuta na kuurudisha waya, akimuuliza nesi, "Unateleza?" Na nesi anajibu, "Unateleza." Kijiti hakukizamisha chote. Nilielewa, hata nikiwa na homa vile, kwamba huo uangalifu wote umenunuliwa na kifua chako.

Mashine ikaanza kunguruma. Pazia walikuwa wamelivuta kando ili nesi atuone sote wawili. Damu yangu ilikuwa inatoka chafu inarudi safi, na yako ilikuwa inadondoka kwenye chupa chini ya kitanda. Ukageuza shingo kidogo. Ukaniuliza, "Inauma?" Nikasema hapana. Ukasema, "Unaona sasa?" Ukatabasamu, kisha ukafumba macho. Kesho yake mchana ulituacha, na daktari wa Kisumu bado yuko ng'ambo ya mto.

Sikukuzika. Nilikuwa bado nimeunganishwa kule Migori. Siku ambayo watu walikuwa Sindo wanakutupia udongo ndiyo siku mkojo wangu uliporudi. Nesi aliinua chupa juu akapiga kigelegele, na wodi nzima ikapiga makofi. Nilipigiwa makofi kwa kukojoa, Ochieng'. Niligeukia ukutani nikauma shuka.

Nyumbani walinipokea kama bwana harusi. Kanisani mchungaji akanisimamisha nitoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyoniokoa. Nikasema, "Bwana asifiwe," kisha nikakaa. Wamama wakalia, wakadhani nimeguswa na Roho. Niliguswa na nini? Mke wako alikuwa amekaa mbele yangu kwa nguo yake ya msiba, amebeba mtoto wako mdogo, na mimi nimesimama na afya yangu. Uso ningeuweka wapi?

Jaduong' anazunguka akisema daktari amekuua. Watu wakiniangalia nithibitishe, nasema daktari alipigana. Zaidi ya hapo sisemi. Na Nyar Magunga hanilaumu, hilo ndilo linanimaliza. Ananiletea supu ya samaki isiyo na chumvi, ananiuliza nimelalaje. Ningefurahi akinitukana. Nilianza kupita njia ya nyuma, kule kwenye mkonge, ili nisikutane na watoto wako. Mtu mzima, mwalimu, najificha kwenye mkonge nisisalimiwe na mtoto wa darasa la pili.

Mwezi uliopita nilirudi Migori daktari anikague. Alinipima, akasema figo zimeamka vizuri. Nikamshukuru, nikasimama. Akasema, "Kaa, mwalimu." Kisha akaniambia ulichomnong'oneza.

Ulimuuliza, "Daktari, hii kazi umeshaifanya peke yako?" Naye hakutaka kudanganya mgonjwa. Akakuambia ameifanya mara nyingi akiwa na mwalimu wake kando, lakini peke yake, ndugu yako ndiye atakuwa wa kwanza. Ukamwambia, "Basi anza na mimi. Mkono ukizoea, ndio umguse huyu." Alikukatalia. Ukamwomba tena, akakataa tena. Hapo ndipo ukamwita Jaduong' na mwiko wake.

Omera, ndugu yangu! Wewe na mwiko tangu lini? Wewe uliyekuwa unamwigiza Jaduong' akikataza mambo hadi tunaanguka kwa kicheko? Ulichukua imani ya mzee wa watu ukaitumia kama fimbo, ukamchapa nayo daktari mpaka akakubali, na mimi nimelala pale najiona nimeokolewa na desturi za baba zetu. Nani alikutuma? Nilikuomba? Ulikuwa na watoto wanne! Mimi nina mmoja! Hesabu gani hiyo, mtu wa Osiri, wewe ambaye ulikuwa unajua kupima vumbi la dhahabu kwa macho tu?

Nimekukasirikia sana. Nilitoka pale hospitalini nikitembea nikikugombeza kwa sauti, watu wananipisha njia. Daktari alikuwa amesema kwamba siku hizi haweki mpira bila mwenzake kando, na kwamba kila akishika waya anakukumbuka. Tulikuwa tumekaa pale watu wawili wenye aibu, na hakuna aliyekuwa na msamaha wa kumpa mwenzake, kwa sababu mwenye nao ni wewe.

Niliporudi ndipo mvua ilianza. Na nikashindwa kabisa. Kila asubuhi nachukua jembe, nafika kwenye mpaka wa shamba, narudi. Nikitangulia kupanda ni kama nasema, haya, nafasi ya Ochieng' imejaa, tuendelee. Mke wangu akasema, nikamfokea. Jaduong' akakohoa nje ya mlango wangu, nikajifanya sisikii. Juma likapita, na mvua inanyesha kwenye udongo mtupu.

Jana Nyar Magunga alikuja. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, debe la mbegu kichwani, akaniambia, "Shemeji, hiyo aibu yako inapikwa kwa sufuria gani? Nionyeshe, maana watoto wangu ndio watakaoila."

Nikamwambia kila kitu. Sikupanga, yalitoka tu. Nikamwambia jinsi nilivyonyamaza, jinsi nilivyoshukuru Mungu kwamba si mimi, na yale daktari aliyoniambia. Nilidhani ataliangusha lile debe.

Akasema, "Najua. Aliniambia kabla hawajamfunika uso. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika miguu." Kisha akasema kitu ambacho hukuniachia nikijue. Akasema ulikuwa unatetemeka. Akasema ulitetemeka kuliko mimi, hadi akalazimika kukushika kwa mikono miwili, na ulimuuliza kama ni lazima.

Sikujua. Maisha yangu yote nilidhani wewe huogopi. Nilidhani ndiyo maana unatangulia, kwamba umeumbwa hivyo, na mimi nimeumbwa vingine, basi.

Nyar Magunga akateremsha debe, akaliweka miguuni pangu. "Mume wangu aliogopa ile sindano na akaenda," akasema. "Wewe unaogopa nini, mahindi?" Akageuka akaenda zake, hakungoja jibu. Unamjua mke wako.

Kwa hiyo leo asubuhi nimetangulia. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na mbegu. Mikono ilitetemeka nikachimba mashimo ya kwanza yamepinda, ungecheka mpaka basi. Sijafika hata nusu ya mstari, nikasikia jembe la Nyar Magunga upande wa pili wa mpaka, na watoto wako wote wanne wakifuata nyuma yake, wakitupa punje na kusukumana. Jaduong' Oloo alisimama kwenye ua akavua kofia. Mimi sikumwambia ulivyomtumia. Hilo nitakwenda nalo kaburini. Mwache mzee na mwiko wake.

Jioni hii mvua imenyesha juu ya mbegu zetu vizuri. Mgongo unaniuma mahali ambapo wako ulikuwa unakuuma kila mwaka, na mimi nilikuwa nasema unadeka.

Lala sasa, mwana wa mama. Nakuahidi hivi, na usinidai zaidi ya hapa. Pakitokea la kutangulia katika boma hili, liwe la shamba, la msiba au la hospitali, nitakwenda mimi kabla ya watoto wako na kabla ya wangu. Nitatetemeka, hilo siahidi kulibadilisha, lakini nitakwenda. Na Nyar Magunga hatakaa tena na mbegu kwenye debe akinisubiri.

Ila kuna swali moja nimelipanda leo katika kila shimo. Kama pale kitandani ungenigeukia ukaniambia ukweli, kwamba mkono wa daktari ni mgeni na mmoja wetu lazima awe wa kwanza, je, ningesema, "Hapana, Ochieng', nianze mimi"? Sijui. Nimetafuta jibu siku nzima na bado sijui, na wewe ndiye mtu wa pekee ninayeweza kumwambia hivyo. Nadhani wewe ulijua. Nadhani ndiyo maana hukuniuliza.

Mdogo wako,
Odhiambo